Namna ya Kushika Sinia

Gari la sinema lilifika Kaloleni siku ya Alhamisi,
gari la kampuni ya sabuni,
na kabla ya picha tulihubiriwa povu nusu saa.
Kisha shuka ikatundikwa ukutani, mashine ikakohoa,
mwanga ukatoka,
na wadudu wa ziwa, ambao Kisumu hawangoji kadi ya mwaliko,
wakaja kwa maelfu.

Picha ilikuwa kuukuu hata siku ile.
Mzungu mwenye madeni, mjane mwenye almasi,
hoteli, keki, mlango unaompiga mtu pua.
Mchina mmoja wa kufua nguo, aliyeinama
tangu alipoingia hadi alipotoka.
Na mtu mweusi mmoja. Mhudumu.
Koti jeupe, vifungo vya shaba, sinia lenye glasi.

Maneno yao hatukuyahitaji.
Ogalo Rapemo, karani wa stoo ya reli, alishika kipaza sauti
akawasemea wote alivyopenda.
Bwana mkubwa akapewa Kiswahili cha masetla:
"Weye boi! Kuja hapa! Mimi nataka chai upesi!"
Mhudumu akapewa Kiswahili kilichopigwa pasi:
"Bwana, chai haiogopi kelele. Huiva kwa wakati wake."
Mama Peresia alicheka hadi akaketi matopeni.

Halafu mhudumu akaona mzuka
(nguo tu, kwenye kamba).
Macho yakamtoka, magoti yakagongana,
sinia likaruka, glasi zote chini.
Hapo Ogalo alikosa la kusema.
Kipaza sauti kilinguruma kitupu.
Nasi tulicheka. Nisidanganye:
nilikuwa na miaka tisa, nilicheka mpaka kwikwi.

Mjomba Zadoki Abuto hakucheka.
Alikuwa mhudumu wa behewa la chakula,
Nairobi hadi Kisumu, koti lile lile, vifungo vile vile.
Kwenye kona za Londiani, gari la moshi likilala upande,
alipita na glasi kumi na moja na bakuli la supu
na hapana abiria aliyelowa.
Glasi ikivunjika, mwisho wa mwezi unailipa.
Alisema, si kwa sauti:
"Mtu hashiki sinia vile. Huyo hajui kazi."
Akapangusa wadudu shingoni, akaenda kulala.

Shuka sasa ilikuwa imejaa mabawa.
Almasi za mjane zilitambaa,
na uso wa bwana mkubwa, kwa dakika nzima,
ulikuwa mweusi kuliko wetu.

Nimeitafuta picha hiyo miaka mingi.
Juzi binti yangu ameipata kwenye kompyuta.
Nikasoma majina ya mwishoni kama mzazi
asomaye matokeo ya mtihani ubaoni:
mwenye madeni yupo, mjane yupo,
mbwa wa mjane yupo, na jina la ukoo.
Mchina hayupo. Mhudumu hayupo.

Nikairudisha nyuma. Nikaisimamisha
pale kabla ya mzuka.
Mkono uko chini ya sinia: vidole vitatu vimetanuka,
gumba limejificha, kiwiko kimegusa ubavu.
Ndivyo. Hasa ndivyo.
Nikaisogeza mbele polepole, punje kwa punje:
anaanguka uso ukiwa umegeuzwa, kiganja mbali na vioo,
kama mtu aliyekwisha kuanguka mara arobaini tangu asubuhi
na atakayeitwa kuanguka tena baada ya chakula cha mchana.
Alijua kazi. Alijua kazi mbili.

Nikampigia mjomba. Yuko Nyakach, macho yameingia ukungu.
Nikamweleza vidole, gumba, kiwiko.
Alinyamaza hadi nikadhani simu imekatika.
"Zilivunjika ngapi?"
Zote, mjomba.
"Maskini," akasema. "Basi walimkata mshahara."